Je, Wajua? Ghala la Sisimizi ni Sisimizi Mwenzake

Jangwani Australia wapo sisimizi wanaohifadhi chakula ndani ya miili ya ndugu zao. Mvua ikinyesha na maua kuchanua, vibarua hukusanya mbochi, wakarudi shimoni na kuwalisha wenzao wachache mdomo kwa mdomo, mpaka matumbo yao yakavimba kama zabibu. Ukimtazama mmoja kwa karibu, utaona yale magamba meusi yaliyokuwa yamelifunika tumbo yameachana, yamebaki vipande vyembamba tu, na katikati ngozi imetanuka hadi asali inaonekana kwa ndani. Sisimizi huyo hawezi tena kutembea vizuri. Hujining'iniza kwenye dari ya chumba chini ya ardhi kwa miezi. Ukame ukikaza, mwenye njaa humgusagusa kwa papasi, naye humcheulia tone.

Wenyeji asilia wa Australia huwachimba sisimizi hao tangu zamani, huila asali hiyo na kuitumia kama dawa ya koo. Wanajua wanachokifanya: mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha kuwa asali hiyo inapambana na bakteria Staphylococcus aureus na baadhi ya kuvu.