Kuruhusiwa Si Mwisho wa Matibabu

Daktari akishatamka kwamba mgonjwa ameruhusiwa, ndugu huchangamka. Mmoja anakimbilia dirisha la malipo, mwingine anatafuta bajaji, wa tatu anakusanya khanga na vyombo. Katika pilikapilika hizo, muuguzi hubakiwa na dakika chache za kueleza mambo ambayo familia itaishi nayo kwa miezi. Hazitoshi, na anayeumia ni mgonjwa.

Chukua mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza. Wodini aligeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo kwenye makalio, nyonga na visigino. Alilishwa akiwa ameketi, maana chakula au maji yakipenya kwenye njia ya hewa huweza kuleta nimonia. Kama alikuwa na mpira wa mkojo, mfuko wake ulining'inizwa chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi ndani na kusababisha maambukizi. Akifika nyumbani, kazi hiyo yote inamwangukia mke au binti ambaye pengine hakuwahi kuonyeshwa hata mara moja.

Ndiyo maana muuguzi makini huanza maandalizi mapema, mgonjwa angali kitandani. Huuliza: "Mama, baba akirudi nyumbani, nani atakuwa naye usiku?" Swali hilo lina uzito, kwa sababu mara nyingi anayelipa bili na kupokea maelezo siye atakayemwogesha mgonjwa. Yule wa kumwogesha ndiye wa kuitwa wodini, amgeuze na kumlisha kwa mikono yake, muuguzi akiwa pembeni kumsahihisha. Muuguzi huyo huulizia pia choo: kama ni cha kuchuchumaa, mtu mwenye upande mmoja uliopooza atakitumiaje? Na siku ya kliniki, nauli itatoka wapi?

Dawa nazo zinataka utulivu. Bahasha iliyoandikwa 1x3 haimwelezi mtu kama ameze kabla au baada ya kula, wala lini aache. Hatari kubwa zaidi ni dawa za zamani zilizobaki kabatini. Mgonjwa wa presha anaweza kupewa dawa ileile yenye jina jingine la kibiashara, akameza zote mbili akidhani ni tofauti. Shirika la Afya Duniani, lilipoanzisha mwaka 2017 kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, lilitaja kipindi cha mgonjwa kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine kuwa miongoni mwa maeneo matatu ya kupewa kipaumbele.

Kusema tu hakutoshi. Makala iliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la chama cha madaktari cha Royal Society of Medicine, Uingereza, ilieleza kuwa asilimia 40 hadi 80 ya maelezo ya kitabibu husahaulika papo hapo. Kwetu, juu ya hilo, kuna pia suala la heshima: nesi akiuliza "Mmeelewa?", jibu ni "Ndiyo" hata kama hakuna aliyeelewa. Njia bora ni kumwomba ndugu arudie kwa maneno yake: "Hebu nieleze, dada, kesho asubuhi utampa dawa zipi? Ukiona nini utamrudisha hospitali haraka?" Akikosea, muuguzi anaeleza upya kwa njia nyingine.

Yote haya yanahitaji muda, na muuguzi mwenye wodi iliyojaa hana muda wa ziada. Viongozi wa hospitali wayahesabu maandalizi haya kuwa sehemu ya tiba: yapangiwe saa, yaandikwe kwenye faili, na familia ipewe karatasi ya Kiswahili inayosomeka pamoja na namba ya simu ya wodi.

Nawe msomaji, ndugu yako akiruhusiwa, usiondoke kwa haraka. Uliza kuhusu kila dawa, shika kazi ya kumhudumia mbele ya muuguzi, na usitoke wodini mpaka ujue dalili za hatari na tarehe ya kliniki.