Bunduki ya kwanza ya marisawa: pima kwanza, nunua baadaye

UKISHUKA matatu pale Dagoretti Corner, mahali ambapo barabara ya Naivasha inaachana na ile ya Ngong, utawakuta mafundi wa fanicha wakipiga randa kando ya barabara. Mnunuzi mwerevu halipi kiti kabla ya kukikalia. Hukikalia, akajiegemeza, akajaribu mikono yake, ndipo akaanza kupatana bei.

Hebu ichukue hekima hiyo uitumie katika jambo lisilozungumzwa sana mezani petu: kununua bunduki ya kwanza ya marisawa. Huenda ni mzazi aliyealikwa na mwenzake wa kazini kwenda kulenga sahani zinazorushwa hewani, akarudi nyumbani na hamu. Huenda ni mwanafunzi aliyeutazama mchezo huu katika Olimpiki, akauliza kama Mkenya naye anaweza kuucheza. Na karibu kila mmoja huuliza swali lile lile: Je, kuna bunduki moja itakayonifaa kwa sahani na kwa kuwinda pia?

Jibu lipo, lakini lina pande mbili. Upande mmoja ni wa ufundi na mwingine ni wa sheria. Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayoweza kukutia mashakani.

Kuwinda wapi?

Nairobi iliwahi kuwa mji wa wawindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki pamoja na mwanawe Kermit, na wawili hao wakaua wanyama zaidi ya 500. Enzi hizo zimepita. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na nyara nyinginezo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema waziwazi kwamba kuwinda kwa ajili ya mchezo au kujiburudisha ni kosa.

Kwa hivyo, ukimsikia mtu akijigamba kwamba atanunua bunduki Jumamosi na Jumapili aende kuwatafuta kanga na kwale huko Kajiado, mshauri afike kwanza katika ofisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, aulize. Kutojua sheria si utetezi mahakamani.

Majirani zetu wana taratibu tofauti. Nchini Tanzania uwindaji unaruhusiwa kwa leseni, katika maeneo na misimu iliyowekwa. Nchini Uganda ulipigwa marufuku mwaka 1979, kisha ukaanza tena kwa majaribio mwaka 2001 karibu na Ziwa Mburo. Lakini bunduki haivuki mpaka kama mkoba wa nguo. Inahitaji vibali vya nchi unayotoka na vya nchi unayoingia.

Maana yake ni nini kwako wewe mkazi wa jiji? Ni kwamba bunduki yako ya kwanza itafanya kazi yake karibu yote kwenye sahani. Ichague kwa ajili ya sahani, na hilo la kuwinda liwe ziada tu, ikiwa siku moja utapata kibali halali.

Sahani yenyewe ni nini?

Zamani huko Ulaya watu walilenga njiwa hai waliofunguliwa kutoka vizimbani. Hata katika michezo ya Paris ya mwaka 1900 njiwa hai walipigwa. Mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky alikuwa ameshabuni sahani ya udongo inayorushwa na mtambo, na polepole sahani ikachukua nafasi ya ndege. Siku hizi sahani haifinyangwi kwa udongo tena, bali kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Ile ya kimataifa ina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Ikiguswa na marisawa machache, huvunjika vipande.

Wazazi wenye mabinti, mchezo huu haubagui kimo wala misuli. Huko Barcelona mwaka 1992, Zhang Shan, mwanamke kutoka Uchina, aliwashinda wanaume katika shindano la sahani linaloitwa skiti, akatwaa dhahabu. Jicho, utulivu na mazoezi ndivyo vinavyoamua mshindi.

Geji ya 12 au ya 20?

Sasa tuingie katika ufundi. Ukubwa wa mtutu huitwa geji. Hesabu yake ni ya kale: chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe mara 12 kwa usawa, kisha kila kipande ukifanye mpira. Mpira huo ndio unaotoshea mtutu wa geji ya 12. Ukiigawa mara 20, mipira inakuwa midogo zaidi, na ndiyo maana geji ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12.

Kwa anayetaka bunduki moja ya kazi nyingi, geji ya 12 ndiyo chaguo la kwanza. Risasi zake hupatikana kwa urahisi zaidi, na ziko nyepesi na nzito. Za gramu 24, ambazo ndizo kikomo katika mashindano ya Olimpiki, hazisukumi bega sana. Geji ya 20 ni nzuri kwa mtu mwembamba au anayebeba bunduki mchana kutwa, lakini kwa kuwa yenyewe ni nyepesi, usidhani kwamba lazima itakuwa laini begani.

Tahadhari moja hapa, tafadhali. Usichanganye kamwe risasi za geji hizi mbili mfukoni. Risasi ya 20 ikiingizwa katika mtutu wa 12 huteleza mbele na kukwama humo. Mtu akidhani hakuweka kitu, akaingiza ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka na kumkata mkono. Ndiyo sababu risasi za geji ya 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano.

Mitutu miwili inayofunguka

Kuna bunduki za kusukumwa kwa mkono kila baada ya kufyatua, kuna zinazojipakia zenyewe, na kuna za mitutu miwili zinazofunguka katikati kama mlango kwenye bawaba. Kwa anayeanza, nashauri hii ya mwisho, ile ambayo mtutu mmoja umepanda juu ya mwingine. Jicho hupata mstari mmoja wa kulenga. Tena, ukiifungua, kila aliyesimama uwanjani anaona kwa macho yake kwamba haina kitu ndani. Mwalimu wako atalala usingizi mzuri.

Mitutu ya inchi 28, yaani sentimita 71 hivi, hufaa sahani na hailemei porini. Uzito wa kilo 3 na nusu hivi husaidia kumeza msukumo. Soma pia maandishi kwenye mtutu yanayoonyesha urefu wa chumba cha risasi. Ikiwa ni milimita 70, usiingize ya 76, hata kama inaonekana kuingia.

Mdomo wa mtutu nao hubanwa kidogo ili marisawa yasitawanyike mapema. Mbano huo huitwa choki. Mbano mkali kabisa hupeleka kiasi cha asilimia 70 ya marisawa ndani ya duara la inchi 30 kwa umbali wa yadi 40. Mbano mwepesi huyatawanya zaidi na husaidia shabaha iliyo karibu. Tafuta bunduki yenye choki za kufungua na kufunga kwa ufunguo. Kwa njia hiyo bunduki moja inageuka kuwa kama tatu: wazi kwa sahani za karibu, ya wastani kwa zinazokimbia, na kali kwa za mbali. Kwa sahani tumia marisawa madogo, namba 7 na nusu hadi 9. Kwa ndege, pale panaporuhusiwa, wengi hutumia namba 6 au 5.

Ikae mwilini kama suti

Haya yote ni bure ikiwa bunduki haikukai. Fundi cherehani hukupima mabega na mikono kabla ya kukata kitambaa. Kitako cha bunduki nacho kina kipimo chake. Kikiwa kirefu hunasa kwapani, na kikiwa kifupi kidole gumba kinakugonga pua. Hakikisha haina risasi, ielekeze upande salama, fumba macho, ipandishe begani, kisha fungua macho. Ukijikuta unaangalia moja kwa moja juu ya mtutu bila kuinamisha wala kuinua shingo, hiyo inakufaa.

Aidha, jua jicho lako lenye nguvu. Nyoosha mkono, uelekeze kidole kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba jicho moja moja. Jicho lililobaki na kidole mahali pake ndilo linaloongoza. Ikiwa ni la kushoto na wewe hutumia mkono wa kulia, mweleze mwalimu kabla hujanunua chochote.

Mlango wa serikali na mlango wa nyumbani

Nchini Kenya huendi dukani ukarudi na bunduki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayotoa. Ni lazima uwe na sababu ya kutosha, uwe na akili timamu, usiwe mlevi, na isionekane kwamba bunduki mikononi mwako ni hatari kwa umma. Cheti hudumu mwaka mmoja kisha huhuishwa. Usilipe arabuni ya bunduki yoyote kabla hujauliza kama aina hiyo itakubaliwa.

Lakini kuna mlango wa pili, ule wa nyumba yako. Je, mkeo au mumeo amekubali? Je, una sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, na mahali pengine pa kufungia risasi? Katika nyumba zetu za kupanga huko Kawangware, Riruta au Satellite, watoto huingia kila chumba na wageni hulala sebuleni. Mtoto haambiwi “usiguse” ikatosha. Bunduki hufichwa kwa kufuli na ufunguo, wala si juu ya kabati. Na ikiwa nyumbani mna ugomvi, ulevi au mtu mwenye huzuni nzito, jibu liwe hapana. Mchezo hauzidi uhai.

Ndiyo maana nakwambia, usianze kwa kununua. Anza kwa kutafuta klabu yenye kibali, uulize kama ina mtambo wa sahani, mwalimu na bunduki za kujifunzia. Vaa miwani na viziba masikio, kwa maana mlio wa bunduki hupita desibeli 140 na sikio lililoharibika halifufuki. Piga mizunguko kadhaa ya sahani 25 kwa miezi michache. Baadaye utajua kama ni mapenzi au ni hamu ya wiki moja, na utajua bunduki gani inakaa begani mwako.

Wengine watagundua kwamba hawahitaji kumiliki bunduki hata kidogo, kwamba ile ya klabu yawatosha, nayo hubaki klabuni jioni wao wanapopanda matatu kurudi Dagoretti Corner. Hao nao wamechagua vyema. Mwenda pole hajikwai.