Si Kila Afakamiaye Ni Mlafi

Juzi niliwazuru jamaa zetu wa Kibera, kisha nikapita Kawangware. Baada ya darsa ya akina mama, mmoja wao alibaki nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini: "Shehe, watoto wakilala mimi hula. Nimeshiba, lakini mkono haukomi hadi mkate wa asubuhi umalizike. Kisha nalia. Je, ni udhaifu wa imani?"

Sikumjibu kwa haraka. Wengi wetu tungemwita mlafi, tukaenda zetu.

Mwaka 1975 wataalamu John Hughes na Hans Kosterlitz, wa Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Uskoti, walieleza kuwa ubongo hutengeneza vitu vyake wenyewe vinavyofanya kazi mfano wa afyuni. Mwenyezi Mungu ameviweka vitulize maumivu na vitutie raha katika yale yanayotuhifadhi, chakula kikiwamo. Sukari na mafuta huviamsha mno; ndiyo maana mandazi na chipsi za kando ya njia huuliwaza moyo wenye dhiki, japo kwa muda. Dawa zinazoziba mahali vitu hivyo vinapojishika ubongoni zilipojaribiwa, watu waliona utamu wa vyakula hivyo umepungua.

Wala jambo hili halikomei ulimini. Fikira nazo hutekwa: jicho hukiona chakula kabla ya kingine chochote, na sehemu ya mbele ya ubongo, yenye kupima na kuzuia, huachia hatamu. Kushinda na njaa, usingizi haba na hofu ya kodi ya nyumba huzidi kuidhoofisha.

Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameyatambua haya kuwa maradhi kamili: kula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na kubaki na majuto.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Mafunzo hayo hayaondoki. Lakini aliyeshindwa na maradhi huhitaji tiba kabla ya lawama.

Basi nilimwambia: "Mwanangu, usishinde na njaa ukingoja usiku. Uji wa asubuhi na githeri ya mchana, japo kidogo, hukata makali. Mweleze mumeo au nduguyo, usiibebe siri hii peke yako. Kisha nenda hospitali. Tiba ipo, ya mazungumzo na ya dawa. Na saumu ya sunna usiifunge kabla ya kumuuliza daktari."

Alijifuta machozi, akaniuliza hospitali hufunguliwa saa ngapi.

Wallahu a'lam.