Je, Wajua? Kalenda ya Kanisa na Mwezi Wake

Je, wajua kwamba mwaka wa Kanisa hauanzi Januari? Huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Ukimtakia paroko wako heri ya mwaka mpya siku hiyo, hujakosea.

Majilio yenyewe hayana urefu mmoja: yanaweza kufika siku 28 au kuishia 22. Krismasi ikiangukia Jumatatu, kama mwaka 2023, Dominika ya nne huwa ndiyo tarehe 24 Desemba. Asubuhi padre yuko kwenye zambarau, jioni kwenye nyeupe. Wahurumieni wapambaji wa kanisa.

Je, wajua Pasaka hupangwa na nani? Mwezi. Ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo huangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mara ya mwisho kufika 25 Aprili ilikuwa 1943. Itafika tena 2038. Pasaka ya 22 Machi haijaonekana tangu 1818, na hatutaiona: inayofuata ni ya mwaka 2285.

Lakini mwezi huo si huu unaoutazama angani. Waislamu husubiri mwezi uandame. Kanisa la Magharibi lina majedwali yake. Mwaka 2019 mwezi ulipevuka alfajiri ya 21 Machi kwa saa za Afrika Mashariki, saa chache tu baada ya jua kuvuka ikweta. Kwa hesabu ya anga, Pasaka ingekuwa 24 Machi. Majedwali yakasema 21 Aprili, na ndivyo ilivyosherehekewa.

Hesabu siku tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu: utapata 46, si 40. Dominika sita haziingii kwenye hesabu ya mfungo.

Majivu hutokana na matawi ya mwaka uliotangulia, yaliyochomwa. Mwaka 2024 yalipakwa tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, na wengi wakalazimika kuchagua kati ya mfungo na chakula cha jioni kwa mishumaa. Mgongano huo utarudi 2029.

Hata sikukuu zenye tarehe maalumu huipisha Pasaka. Kupashwa Habari Bikira Maria ni 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Krismasi. Mwaka 2024 ikaangukia ndani ya Juma Kuu, ikasogezwa hadi 8 Aprili.

Rangi ya waridi? Mara mbili tu kwa mwaka: Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima.

Tarehe 3 Juni, Wakatoliki duniani kote huwakumbuka Karoli Lwanga na wenzake wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao huwakumbuka mashahidi wa Uganda siku hiyohiyo.

Na je, wajua kwamba mwaka 1582, ili kuirudisha Pasaka mahali pake, Papa Gregori XIII alifuta siku kumi? Baada ya 4 Oktoba ikaja 15 Oktoba. Teresa wa Avila alifariki usiku huohuo, na sikukuu yake ni 15 Oktoba.