Mahali pa Neno Dogo la Kiingereza

Sisi tuliozoea Kifaransa twasema «on dit» tukitaka kutoa habari bila kumtaja msemaji. Kiingereza hupenda tendo la kutendwa: «He is said to lie», maana yake, yasemwa kwamba yeye husema uwongo.

Tukiongeza kielezi, yaani neno lielezalo namna ya tendo, tuangalie sana mahali pake. «He is often said to lie»: ni watu wanaomsema mara nyingi. «He is said to lie often»: sasa ni yeye asemaye uwongo mara nyingi. Neno ni lile lile, lakini mzigo umetoka midomoni mwa watu, umewekwa juu ya kichwa chake.

Kanuni ni hii: kielezi cha usemi hukaa kati ya «is» na tendo. Hapo «widely» laonyesha kwamba wengi husadiki, wala halithibitishi kitu, kwani wengi waweza kukosa. «Rightly» na «wrongly» ni hukumu ya mwandishi mwenyewe.

Basi, kabla ya kufasiri, uulize kwanza: kielezi hiki ni cha nani? Jina la mtu si kitu cha kuchezea.