Mpunga umejaa ghalani, mtoto bado anadumaa: shida iko wapi?

Msimu wa mpunga ukifika, siku ya mama wa Dakawa, wilayani Mvomero, inaanza gizani. Lazima awahi kuamia ndege, maana kweleakwelea wakitua kabla yake atakuta masuke matupu. Mtoto wa mwaka mmoja anabaki nyumbani na dada yake wa miaka saba, na sufuria ya uji mweupe.

Hapo huwezi kusema kuna njaa. Skimu ya umwagiliaji ya Dakawa, inayotumia maji ya Mto Wami, ina takribani hekta 2,000 za mpunga. Lakini gunia la mchele halimlishi mtoto lenyewe.

Na si Dakawa tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Walioongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ileile inayosifika kwa mahindi. Huko karibu nusu ya watoto, au zaidi, ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka.

Udumavu ndio huo: urefu mdogo kuliko umri. Hauonekani kirahisi kwa sababu mtoto anaweza kuwa na mashavu kabisa, na majirani wakasema, "kwao ni wafupi tu."

Tumbo linajaa, mwili haupati

Ubongo hukua kwa kasi zaidi kuanzia mimba hadi miaka miwili, zile siku 1,000 zinazotajwa kliniki kila mara. Miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama yanatosha. Baada ya hapo, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakuwa imepungua, na maziwa peke yake hayawezi kuifidia.

Sasa mpe uji mweupe mwepesi. Tumbo lake dogo linajaa maji na wanga, anaacha kulia, mama anaona ameshiba. Chuma, protini na zinki hakuna. Damu inapungua, maradhi ya kuhara yanamwandama, na kila akiugua hamu ya kula inaondoka.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawaliangalii: mtoto mwenye upungufu wa damu anapoa. Hatambai kufuata kuku, hashiki kila kitu, hasumbui. Anasifiwa kuwa mpole. Na mtoto mpole anasemeshwa kidogo, anabebwa kidogo, anaachwa zaidi. Hivyo lishe duni inazaa upweke, na upweke unanyima ubongo chakula chake kingine, yaani maneno, macho ya mlezi na michezo. Kutelekeza kwa namna hii hakuhitaji mzazi mkatili. Anatosha mzazi aliyechoka.

Ushahidi upo. Mwaka 1986, jijini Kingston, Jamaica, watafiti walianza kufuatilia watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya ya jamii, waliowafundisha mama zao kucheza na kuzungumza na watoto. Miaka 20 baadaye, waliochezewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa takribani asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa hivyo.

Serikali nayo ilizindua Desemba 2021 programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa watoto wa hadi miaka minane. Imeweka lishe na malezi katika kapu moja na afya, ujifunzaji wa awali na ulinzi.

Kwa mwenye sufuria moja na muda kidogo

Uji uwe mzito, usidondoke kama maji kwenye kijiko. Weka karanga au dagaa waliosagwa. Mboga za majani, maharage yaliyopondwa, yai likipatikana, na papai au embe. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku, kisha mara 3 hadi 4, bila kuacha kunyonya. Awe na bakuli lake, kwa sababu kwenye sinia moja na kaka zake hawezi mashindano hayo.

Mpunga ukiuzwa, baba atenge hela ya dagaa na mayai kabla ya bati na simu. Na kama shamba halikwepeki, mtoto aachiwe mtu mzima, siyo mtoto mwenzake.

Wazazi wengi huacha kliniki chanjo zikiisha. Uzito hautoshi kuonyesha udumavu, hivyo mzazi aombe mtoto apimwe na urefu. Kwa asiyefika kliniki, ipo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila baada ya miezi mitatu. Tarehe yake anaijua mhudumu wa afya wa kitongoji.