BETRI HAINA KOSA

Wengi wetu tukiona betri imekufa husema, "Nunua nyingine." Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka likizo ya Desemba, nilipokwenda kwetu Ras Kamboni, kusini kabisa ya pwani ya Somalia, karibu na mpaka wa Kenya. Nataka kuwaeleza niliyojifunza huko, maana yaweza kumfaa kila mwenye mashua, lori, au taa za jua nyumbani kwake.

Ami yangu ana mashua ya mashine ya dizeli. Betri yake ya volti 12 huamsha mashine, na usiku huwasha taa. Nayo betri hutiwa nguvu na alteneta, ambayo huzungushwa na mashine kwa mkanda. Betri ya kwanza ilipokataa kazi, ami aliitupa chini ya mnazi akanunua mpya. Baada ya majuma machache hiyo mpya nayo ikawa vile vile. Usiku mmoja walizima mashine nje ya miamba ili wavue. Walipotaka kurudi, haikuwaka. Walirudi kwa tanga, jua limekwisha panda, barafu imeyeyuka na samaki wameharibika.

Watu wote walisema kwamba betri za siku hizi ni za bandia. Ami akafungua sanduku ahesabu fedha za betri ya tatu. Fedha hizo zilikuwa karo yangu ya muhula wa mwisho. Nikamwambia, "Ami, nipe siku moja tu niitazame." Akajibu, "Haya mwanangu, lakini kesho naenda dukani."

Kabla sijaendelea, yafaa tukumbuke betri ni kitu gani. Betri ya namna hii ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani mna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali. Tukitumia umeme, mabamba hufunikwa na chumvi ya risasi. Tukiirudishia nguvu, chumvi hiyo huyeyuka. Lakini betri ikiachwa siku nyingi bila nguvu, chumvi hugeuka ngumu kama jiwe, na haiyeyuki tena. Basi betri si kisima chenye maji yake yenyewe, bali ni mtungi: usipojazwa, hauna cha kutoa.

Niliazima mita ya umeme kwa kijana atengenezaye simu, nikajiuliza maswali kwa taratibu.

Swali la kwanza: betri ina nguvu gani ikiwa imepumzika? Iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa nusu, kama 12.2, chini ya 12 ni tupu. Yetu ilikuwa 11.8.

Swali la pili: je, alteneta yafanya kazi? Tuliazima betri ya jirani, na waya wake wa hasi tukaubana kwenye chuma cha mashine yenyewe. Mashine ikawaka mara moja! Tukaiondoa betri ya jirani, nami nikapima. Kwenye alteneta nilipata volti 14.3. Hiyo ni afya njema, kwani alteneta nzima hutoa baina ya 13.8 na 14.5. Kama ningepata 12 tu, ningetazama kwanza mkanda uliolegea, kisha fyuzi. Kama ningepata zaidi ya 15, ningejua kwamba kidhibiti kimeharibika, na maji ya betri yangechemka mpaka yaishe.

Swali la tatu: je, nguvu hiyo yafika kwenye betri? Nikapima vichwa vya betri, nikapata 12.7 tu. Volti 1.6 zilikuwa zimepotea njiani! Hapo nilikumbuka somo la Ohm: umeme ukipita penye kizuizi, volti hupungua. Nikapima waya wa chanya kutoka mwisho hata mwisho, ikapotea 0.2, si neno. Nikapima upande wa hasi, kutoka mwili wa alteneta mpaka kichwa cha betri, ikapotea 1.4. Mwizi amepatikana.

Kwa nje waya ule ulikuwa mzuri kabisa. Tulipoupasua mpira wake, shaba ilikuwa ya kijani na ikamomonyoka vidoleni kama unga. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwa ncha, yakala ndani kwa ndani. Tukaweka waya mpya mnene, tukasugua maungio kwa msasa, tukapaka grisi. Betri ikaonyesha 14.1 mashine ikitembea.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wenye magari ya kulala safarini hupata taabu hiyo hiyo, na maswali ni yale yale. Mwenye bamba la jua aongeze la nne: je, kuna kivuli? Kivuli cha kamba ya tanga tu chaweza kupunguza nguvu nyingi.

Nawaonya pia. Betri inapojazwa hutoa hewa iwezayo kulipuka, basi msikaribie na sigara. Fungueni waya wa hasi kwanza, na mwishoni mfunge huo huo. Maji yakipungua ongezeni maji safi ya betri, wala si ya visima vyetu vya pwani, kwa kuwa yana chumvi.

Karo yangu ililipwa. Lakini ile betri ya kwanza tulipoiokota chini ya mnazi na kuijaza mchana kutwa, haikuweza kuwasha taa hata saa moja. Ilikuwa nzima siku ile ilipotupwa. Tuliiua sisi kwa kuihukumu bila kuipima. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujanunua, pima.